Jina likifutwa, je, umefichika? Safari ya Paul Ohm, kutoka wakili wa serikali hadi mtafiti wa sera za teknolojia

Watu wa takwimu wanapokuja kijijini, iwe ni kwa ajili ya kilimo, afya au hali ya kaya, huanza kwa kuwatoa wananchi hofu: majina yenu hayatatoka. Programu za simu nazo huandika maneno ya namna hiyo ndani ya yale masharti marefu ambayo wengi wetu hubonyeza "Nakubali" bila kuyasoma. Ahadi hiyo inatuliza moyo, kwa sababu tunaamini kwamba jina likishaondolewa, siri imebaki salama.

Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa kuonyesha kwamba kufuta jina hakutoshi ni Mmarekani anayeitwa Paul Ohm. Ni mwanasheria aliyeanzia kwenye kompyuta, akawa wakili wa serikali, kisha akaacha kazi hiyo na kuwa mwalimu na mtafiti wa sera za teknolojia. Makala haya yanaeleza safari yake ya kazi, jambo alilolifichua, na kwa nini linamhusu mtu yeyote mwenye laini ya simu iliyosajiliwa.

Kompyuta kwanza, sheria baadaye

Ohm alisoma mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Yale. Baada ya hapo alifanya kazi kwa miaka kadhaa akiandika programu na kusimamia mitandao ya kompyuta. Ndipo alipoingia tena darasani, safari hii kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, maarufu kwa jina la UCLA. Alihitimu mwaka 1999.

Alianza kazi ya sheria akiwa msaidizi wa majaji wawili wa mahakama za shirikisho, Betty Fletcher na Mariana Pfaelzer. Msaidizi wa jaji hupekua sheria na kesi zilizotangulia, na humsaidia jaji kuandaa uamuzi. Ni kazi inayomfundisha kijana namna sheria iliyoandikwa kwenye karatasi inavyomgusa mtu aliyesimama mbele ya mahakama.

Wakili wa serikali

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ohm aliajiriwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kama wakili wa serikali. Hapa Tanzania tunawafahamu mawakili wa serikali kama watu wanaosimama mahakamani kwa niaba ya Jamhuri. Yeye aliwekwa katika kitengo kinachoshughulikia makosa ya kompyuta na haki miliki.

Kitengo hicho huhusika na kesi za watu wanaovamia kompyuta za wengine, wanaoiba kwa njia ya mtandao, au wanaonakili kazi za wenzao bila ruhusa. Vilevile huwaelekeza wapelelezi jinsi ya kukusanya ushahidi bila kuvunja sheria. Ni wakati gani polisi anaweza kusoma barua pepe za mtuhumiwa? Ni wakati gani lazima kwanza apate kibali cha mahakama? Kampuni ya simu inaweza kudaiwa kumbukumbu gani? Hayo ndiyo maswali ya kila siku mahali pale.

Akiwa huko, Ohm alikuwa na kitu ambacho mawakili wengi hawakuwa nacho. Aliijua sheria, na pia alijua kompyuta inafanya kazi namna gani kwa ndani.

Kwenda chuoni

Mwaka 2006 alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, kufundisha sheria. Huko ndiko alikojijenga kama mtafiti wa sera za teknolojia.

Mtafiti wa namna hii hatengenezi simu, wala hakamati wahalifu. Hutazama vitu vitatu kwa pamoja: teknolojia inaweza kufanya nini, sheria inasema nini, na mwananchi anapata faida au madhara gani. Kisha huuliza kama sheria iliyopo inafanya kazi, na kama haifanyi, ibadilishwe vipi.

Moja ya kazi zake za mwanzo, iliyotoka mwaka 2008, iliwagusa watu wa aina ya ofisi aliyotoka. Alieleza kwamba wabunge na waendesha mashtaka wanapozungumzia mtandao, hupenda kumtaja mtu mmoja wa ajabu mwenye uwezo wa kuvunja kila kufuli la kompyuta. Mtu huyo yupo, lakini ni nadra kumpata. Ukitunga sheria kwa kumwogopa yeye, alisema Ohm, utaishia kuwabana watu wa kawaida ambao hawana uwezo huo. Ushauri wake ulikuwa kwamba sheria itungwe kwa ushahidi, hofu iwekwe pembeni.

Mwaka uliofuata aliandika kuhusu kampuni zinazotuunganisha na intaneti. Alionyesha kwamba kampuni hizo zimekaa kwenye mlango ambao kila kitu unachotuma na kupokea lazima kipitie, hivyo zinaweza kuona mambo mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini kazi iliyompa jina ilikuja mwaka 2010.

Visa vitatu

Mwaka huo Ohm alichapisha makala ndefu katika jarida la sheria la UCLA, chuo alichosomea. Hakugundua mwenyewe mbinu za kompyuta alizozieleza. Zilikuwa zimegunduliwa na wataalamu wa kompyuta. Alichofanya ni kuzichukua na kuwawekea wanasheria mezani kwa lugha wanayoielewa. Tazama visa vitatu alivyovieleza.

Cha kwanza kilitokea katika jimbo la Massachusetts, katikati ya miaka ya 1990. Tume iliyosimamia bima ya afya ya watumishi wa serikali iliamua kuwapa watafiti kumbukumbu za watumishi hao kwenda hospitali. Majina yalifutwa, na anwani pia. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia wananchi kwamba siri zao zimelindwa. Hata hivyo, vitu vitatu viliachwa: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na postikodi.

Mwanafunzi mmoja wa kompyuta, Latanya Sweeney, alijua kwamba gavana anaishi katika mji wa Cambridge. Alinunua daftari la wapiga kura la mji huo kwa dola 20. Daftari lilikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa, jinsia na postikodi. Akalilinganisha na zile kumbukumbu za hospitali. Watu 6 tu mjini Cambridge walikuwa wamezaliwa tarehe moja na gavana. Kati yao wanaume walikuwa 3, na aliyeishi katika postikodi ya gavana alikuwa mmoja tu. Sweeney akachukua kumbukumbu za afya za gavana na kumpelekea ofisini kwake.

Baadaye Sweeney alikadiria kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 wanaweza kutofautishwa na wengine wote kwa vitu hivyo vitatu tu. Mtafiti mwingine aliyerudia hesabu mwaka 2006 alipata watu 63 katika kila 100. Hata ukichukua hesabu ndogo, bado ni zaidi ya nusu ya watu.

Kisa cha pili ni cha Agosti 2006. Kampuni ya mtandao ya AOL ilitoa hadharani maneno milioni 20 ambayo wateja wake wapatao 650,000 waliyaandika walipokuwa wakitafuta vitu mtandaoni kwa miezi mitatu. Kila jina la mteja liliondolewa, ikawekwa namba. Waandishi wa gazeti la New York Times walichukua namba moja na kusoma vitu ambavyo mwenye namba hiyo alikuwa akivitafuta: huduma katika mji fulani mdogo wa jimbo la Georgia, watu wa ukoo fulani, mambo ya mbwa. Haikuwachukua muda mrefu kumpata mwenyewe, mama mtu mzima nyumbani kwake. Maneno aliyokuwa akiiuliza kompyuta peke yake chumbani yakawa yamemfichua.

Cha tatu kilianza Oktoba mwaka huohuo. Kampuni ya filamu ya Netflix ilitoa alama milioni 100 ambazo wateja karibu 480,000 walizipa filamu walizotazama. Ilitaka wataalamu washindane kutengeneza njia bora ya kupendekeza filamu, na zawadi ilikuwa dola milioni 1. Majina hayakuwemo. Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba ukijua alama ambazo mtu amezipa filamu 8 tu, hata kama 2 kati ya hizo umekosea na tarehe zimepishana kwa wiki mbili, unaweza kuitambua rekodi yake katika visa 99 kati ya 100.

Netflix ilipotaka kufanya shindano la pili, Ohm aliionya hadharani mwaka 2009 kwamba inajitafutia kesi. Machi 2010 kampuni ililifuta shindano hilo, baada ya kushtakiwa na kuulizwa maswali na tume ya serikali inayolinda walaji.

Ohm alihitimisha nini?

Hitimisho lake ni rahisi kulielewa, ingawa liliwashtua wengi. Taarifa zinapokuwa na faida kwa watafiti, huwa zimebeba ndani yake alama za kumtambulisha mwenyewe. Ukitaka kuzifuta alama zote, utabaki na taarifa zisizomsaidia mtu. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu.

Tuseme mtu anachukua orodha ya wakulima wa kijiji chenu na kufuta majina. Mstari mmoja unasomeka hivi: mwanamke, kazaliwa 1961, mjane, ana ng'ombe wa maziwa wawili, analima vanila, anatumia dawa kila mwezi kliniki. Mtu wa mjini hataelewa ni nani. Lakini wewe uliyezaliwa kijijini hapo umeshamjua kabla hujamaliza kusoma. Kijiji kikiwa kidogo, hata maelezo machache yanatosha kumtaja mtu.

Hilo lilikuwa pigo kwa sheria, kwa sababu sheria nyingi zilijengwa juu ya ahadi ya kufuta jina. Kwa mfano, kanuni za Marekani za siri za wagonjwa zina orodha ya vitu 18 vya kuondoa, kama jina, namba ya simu na namba ya bima. Ukishaviondoa, sheria inakuruhusu kuzitumia taarifa zilizobaki kwa uhuru. Ohm alisema orodha ya namna hiyo haitakamilika kamwe. Alama za filamu hazikuwemo katika orodha yoyote, na bado zilitosha kuwatambulisha watu.

Aliongeza onyo jingine. Kila orodha inayofunguliwa huifungulia njia orodha nyingine. Daftari moja likiunganishwa na la pili, na la pili na la tatu, mwishowe inajengeka kanzidata kubwa ambayo karibu kila mtu ana siri yake humo, siri inayoweza kumvunjia ndoa, kumpotezea kazi au kumtia aibu.

Na simu je?

Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchunguzi wa mienendo ya simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15. Hapakuwa na majina, ila minara ambayo simu iliitumia na saa. Walikuta kwamba ukijua mahali pa mtu mara nne tu, kwa saa na mnara, unaweza kuitambua rekodi yake katika watu 95 kati ya 100. Nyumbani usiku, shambani asubuhi, gulioni Jumamosi, kanisani au msikitini: mpangilio wako ni wako peke yako.

Lakini taarifa hizohizo zina faida kubwa. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za wateja wa simu karibu milioni 15 nchini Kenya, za mwaka mmoja kuanzia Juni 2008. Bila kutumia majina, watafiti walifuatilia jinsi watu wanavyosafiri, wakaonyesha namna vimelea vya malaria vinavyosafirishwa na watu kutoka eneo la Ziwa Victoria kwenda sehemu nyingine, Nairobi ikiwemo. Kujua hilo kunasaidia kupanga ni wapi nguvu ya kupambana na malaria ipelekwe.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukizifungia taarifa zote kabatini, mtoto wa kando ya ziwa anakosa msaada. Ukizimwaga zote barabarani, siri ya mama yake iko hatarini.

Alipendekeza nini?

Ohm hakusema utafiti usimame. Alipendekeza sheria iache kuuliza tu kama jina limefutwa, na ianze kupima hatari kwa kutazama mambo matano.

Kwanza, taarifa zimeshughulikiwa kwa njia gani? Kutoa jumla ya wagonjwa wa wilaya nzima ni salama kuliko kutoa mstari wa kila mgonjwa.

Pili, zinapewa nani? Kumpa mtafiti mmoja aliyefungwa na mkataba si sawa na kuzitangazia dunia nzima.

Tatu, ni nyingi kiasi gani? Za wiki moja hazina hatari sawa na za miaka kumi.

Nne, kuna mtu anayeweza kunufaika akikutambua? Mwenye kampuni ya mikopo na mwenye chuki na wewe wana sababu ambazo mwanafunzi wa takwimu hana.

Tano, anayezishika anaaminika? Ana sheria inayombana na mtu wa kumwajibisha akikosea?

Walioona tofauti

Si wataalamu wote waliokubaliana naye. Mwanasheria Jane Yakowitz aliandika mwaka 2011 kwamba hatari imekuzwa, na kwamba hofu hiyo inaweza kuwanyima watafiti taarifa zenye manufaa kwa jamii nzima. Mtafiti wa magonjwa Daniel Barth-Jones naye alisema kisa cha gavana kilikuwa chepesi kuliko visa vya watu wa kawaida, kwa sababu gavana alikuwa mtu maarufu na ugonjwa wake ulikuwa umetangazwa kwenye vyombo vya habari. Alieleza pia kwamba daftari la wapiga kura halina watu wote wa mji, kwa hiyo mtu asiye maarufu asingepatikana kwa uhakika ule.

Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo mjadala wenyewe ulibadilika. Baada ya mwaka 2010 ikawa vigumu kwa ofisi au kampuni kusema "tumefuta majina" na kuondoka bila kuulizwa swali la pili.

Kurudi serikalini kwa mlango mwingine

Kazi ya utafiti ilimrudisha Ohm serikalini, safari hii kama mshauri. Mwaka 2012 hadi 2013 alikuwa mshauri mwandamizi wa sera katika Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo kinacholinda walaji na ushindani, kinachokaribiana na Tume ya Ushindani ya hapa Tanzania.

Mwaka 2016 Marekani iliunda tume ya kutafuta namna serikali inavyoweza kutumia taarifa ilizonazo kupima kama miradi yake inawafaa wananchi, bila kuzianika siri zao. Ohm alikuwa mmoja wa wajumbe. Mjumbe mwingine alikuwa Latanya Sweeney, yule mwanafunzi wa zamani aliyempelekea gavana kumbukumbu zake. Ripoti ilitolewa Septemba 2017, na Januari 2019 ikasainiwa sheria iliyochukua baadhi ya mapendekezo yao.

Sasa Ohm anafundisha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Pamoja na sheria, huwafundisha wanasheria kuandika programu za kompyuta, ili atakayetunga au kutetea sheria ya teknolojia awe anakielewa kitu anachokisemea.

Linatuhusu vipi?

Katika nchi zetu laini za simu zinasajiliwa, pesa zinapita kwenye simu, nyumba zina anwani na postikodi, na wakulima wanaandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku. Kila orodha ina kazi yake nzuri. Lakini kila moja ni daftari linaloweza kulinganishwa na jingine.

Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na ina Kamishna wa Data. Sheria hiyo haiishii kwenye kuondoa vitambulisho. Inataka mtu asiweze kutambulika tena. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizoshikiliwa, kutaka zirekebishwe au zifutwe, kukataa zisitumike kukutangazia biashara, na kudai fidia ukipata madhara.

Kwa hiyo anayekuja na fomu au programu akikwambia jina lako halitatoka, mshukuru, kisha muulize tena. Taarifa hizi ni za nini? Nani mwingine atazipata? Mtakaa nazo muda gani? Tarehe yangu ya kuzaliwa na kitongoji changu vinahitajika kweli, au mwaka na wilaya vinatosha? Nikitaka zifutwe, nimwone nani?

Mwenye nia njema atakuwa na majibu. Asiyekuwa nayo, fikiri mara mbili kabla ya kuijaza fomu yake, au kubonyeza "Nakubali".